Ufunguo wa Lango

Bango linasema: Saa mbili hadi saa kumi na moja.
Chini yake mtu ameongeza kwa mkaa: Na ugonjwa je?
Sikufuta. Nalipwa kuulinda ukuta, si kuusugua,
na swali lenyewe, kusema kweli, sina jibu lake.

Mimi ni Adagala, bawabu wa zahanati.
Ninao ufunguo mmoja, nao ni wa lango.
Ule wa stoo ya dawa unalala Chavakali
ndani ya mkoba wa Sista Kageha,
na Sista naye hulala simu ikiwa chaji sebuleni.
Nina rungu, tochi,
na kiti kilichokatika mguu mmoja,
ndiyo maana najua kukaa kwa mizani.

Wajao usiku hawabishi hodi.
Hupiga bati kwa kiganja, pa, pa, pa,
kama wafukuzao kuku,
na kabla sijauliza nani, natega sikio kwa mtoto.
Anayelia ni heri.
Ninayemwogopa ni yule aliyenyamaza.

Hakuna aliyenifundisha. Nilidokoa dirishani,
mchana, saa zangu za kulala,
Sista akiuliza yaleyale kwa kila mama:
Imeanza lini? Amekojoa? Ananyonya?
Ukiifinya ngozi ya tumbo, inarudi au inasimama?
Basi nami huuliza, kwa sauti ya mtu mwenye shahada,
moyo ukinienda mbio kama wa mwizi.

Chumvi nusu kijiko. Sukari vijiko sita.
Maji lita moja, yachemke, yapoe.
Hayo nayaweza. Hayo hayana kufuli.
Mwezi wa nne, watoto walipoharisha kijiji kizima,
niliimaliza sukari ya nyumbani
mpaka mke wangu akaniuliza
huyo ninayempikia chai ni nani.

Lakini Jumamosi ile alikuja Mmbone
na Kisia mgongoni, miaka minne,
mbavu zikizama kwa kila pumzi
kama mtu avutaye ndoo nzito kisimani.
Hapo sukari haina kazi.
Nikapiga simu. Hapatikani.
Nikapiga tena, kana kwamba yule dada wa kwenye simu
angeona haya, abadili maneno.
Nikampigia Lidavalia wa pikipiki. Akaja na blanketi mabegani.
Akatikisa tangi: haitufikishi Mbale.

Nyuma ya zahanati kuna jenereta.
Ni ya friji ya chanjo. Stima ikipotea, mimi ndiye niwashaye,
na katika daftari mimi ndiye nitiaye sahihi
kwamba petroli ya serikali haijaguswa.

Nikachukua mpira, nikanyonya.
Ilinijaa mdomoni kabla haijajaa chupani.

Wakaondoka, mtoto katikati, blanketi likawafunika wote watatu.
Nilisimama langoni nikiisikiliza ile pikipiki
ikikohoa kwenye murram, ikikohoa,
hadi sauti yake ilipolainika na nikajua wameshika lami.
Kisha nikaketi kuilinda taa ya mlangoni.
Sikuomba mengi. Niliomba stima isipotee.

Jumatatu Sista aliingiza kijiti ndani ya tangi,
akakitazama, akanitazama.
“Nusu iko wapi?”
“Imeenda Mbale.”
Akanusa hewa baina yetu, akafungua daftari,
akaandika neno moja: Imevuja.
Ukurasa wa nyuma akanichania kipande,
nambari ya jirani yake, mama auzaye maandazi,
anayeamka saa tisa.

Kisia alirudi Alhamisi, amekonda, anatafuna ndizi.
Wiki iliyofuata alikuja mwingine, wa upande wa mtoni.
Huyo simsimulii.

Mvua imeyaosha yale maneno ya mkaa.
Jana usiku, kabla ya saa tisa, nimeyaandika upya.
Hati yangu si nzuri, lakini yanasomeka.